Stesheni ya Mzee Mikail Ndani ya Stoo Yangu

Mume wangu Amin hutengeneza redio na simu hapa Kathonzweni, na mimi nauza vitambaa mlango unaofuata. Nyuma ya maduka yetu kuna stoo. Ilikuwa yangu. Nasema ilikuwa kwa sababu mwaka jana niliingia kuchukua leso nikakuta marobota yangu yamesukumwa kwenye kona, na mwanamume wa miaka arobaini na sita amepiga magoti sakafuni, anachora reli kwa chaki.

"Najma, usikanyage hapo," akaniambia. "Hapo ni njia ya Nairobi."

Nilimkata jicho, lakini sikukanyaga. Nilijua anamfanyia nani.

Baba yake, Mzee Mikail, alikuwa mfanyakazi wa reli katika stesheni ndogo kati ya Emali na Makindu. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni, kupiga filimbi na kuweka nidhamu pale platifomu. Stesheni yenyewe ilifungwa zamani. Watu wakabeba mabati, wakabeba mawe, hata picha moja haikubaki. Halafu miaka minne iliyopita presha ya macho ikamfanya Baba kipofu kabisa. Tangu siku hiyo alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akiitwa anaitika, akipewa anakula. Ukimwomba atoke hata hadi uani anasema, "Nitaenda wapi, na sijui niko wapi?"

Hilo neno lilimuumiza Amin kuliko upofu wenyewe. Ndipo akasema atamjengea ile stesheni juu ya meza, ndogo, ya kusomwa kwa mikono, na treni yake ipite. Baba akiitambua, alisema, atajua alipo, na akijua alipo atasimama. Mimi niliona ni ndoto. Lakini ndoto ya mtu anayempenda baba yake huichekei mbele yake. Unaichekea jikoni.

Vifaa vyenyewe havikupatikana kirahisi. Kwanza alinunua reli za bei ya chini kwa mtu wa mtandaoni, zikaja na basi mpaka Wote, tukafurahi. Halafu akampata mjane mmoja wa Nairobi aliyekuwa anauza treni ndogo za kuchezea za marehemu mumewe: injini ya dizeli ya kutosha kiganjani, mabehewa manne na kifaa cha kupunguza umeme. Tulipoiweka ile injini kwenye reli zetu haikukaa. Reli zilikuwa nyembamba, za treni za kipimo kingine. Amin alirudi Nairobi amenywea, akamweleza yule mama ukweli wote, hata habari za macho ya Baba. Mama akaingia ndani, akatoka na kasha zima la reli za kipimo sawa. "Mpelekee mzee," akasema, akakataa hata nauli ya kulibeba. Mpaka leo sijamwona uso, na hakuna sala ninayomsahau.

Kupanga ndiko kulikochukua muda. Akichora kona kali mabehewa yanaanguka, akiilegeza inagonga ukuta. Wiki tatu alifuta na kuchora, nami nikauza leso zenye vumbi la chaki. Mwisho akaunganisha mbao za plaiwudi, meza pana kupita kitanda chetu, duara refu la reli juu yake, na pande zote mbili za reli akaacha nafasi ya kupeleka mkono bila kuangusha kitu. Udongo mwekundu aliufuata kulekule stesheni ilipokuwa, nikauchekecha kwa chekecheo langu la unga. Fundi Mwau, mchongaji, alichonga jengo, milango yake inashikika. Tangi la maji lilikuwa kopo la nyanya juu ya vijiti. Kila kitu kiligandishwa kwa gundi ili mikono ya Baba isikisukume.

Niliuliza mambo mawili tu ya maana. "Huu umeme hautamrusha mzee?"

"Ni volti kumi na mbili. Kama betri ya pikipiki."

Na swali la pili, ambalo hakulisikia: kwa nini usimuulize Baba mwenyewe vitu vilikaa wapi? Kuuliza si ujinga. Alitaka kumshangaza siku ya Idi. Kwa hiyo akamuuliza Ndunge, mama wa makamo ya Baba anayekaa nyuma ya soko, ambaye watoto wetu humwita susu, yaani bibi. Ndunge aliuza machungwa kwenye stesheni ile miaka kumi na moja. Alifumba macho akasema: ukiangalia reli, tangi kushoto, mlingoti wa ishara kulia. Amin akaandika, akajenga. Hata Ndunge mwenyewe alichongwa, mrefu kama kidole, karai kichwani, akagandishwa udongoni kando ya platifomu.

Siku ya Idi tulikula, tukamwalika Ndunge, kisha Amin akamshika baba yake mkono akamleta stoo. Akamketisha, akaiweka mikono yake juu ya meza.

Baba akaupata mlango wa jengo. Nikaona midomo yake inacheza. Akaigeuza mikono kuelekea reli, kama mtu anayetoka ofisini, akapeleka wa kulia kutafuta. Akagusa mlingoti. Akaurudisha, akapeleka tena. Mlingoti. Mikono ikarudi mapajani.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Lakini si kwetu. Hapa sijui niko wapi."

Sijawahi kumwona Amin akiwa mdogo vile. Mwaka mzima, na neno ni lilelile. Nilikasirika, sijui na nani, nikataka kumtoa mzee nje kabla mume wangu hajalia.

"Tanki ilikuwa kulia," Baba akasema.

"Kushoto," Ndunge akajibu kutoka mlangoni. "Mimi niliona hiyo tanki miaka kumi na moja, Mikaili. Usiniambie."

"Nilikuwa natoka ofisi kila siku, tanki iko mkono wa kulia."

Nikawaangalia wazee hawa wawili, hakuna hata mmoja anayedanganya. Ndipo nikamuuliza, "Susu, machungwa ulikuwa unauzia wapi?"

"Ng'ambo. Kule porini, madirisha ya treni ya upande ule mwingine." Akamwelekezea Baba kidole ingawa haoni. "Platifomu ni nani angekanyaga? Si huyu alikuwa anatufukuza na filimbi?"

Ndunge alikuwa ameiangalia stesheni kutoka ng'ambo ya reli. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwa Baba.

Nilikimbia jikoni nikaleta kisu changu cha nyama. Hakukuwa na haja ya kubomoa chochote. Amin alibandua jengo na platifomu tu, akavihamishia ng'ambo ya pili, tangi na mlingoti vikabaki vilipokuwa. Tukamzungusha Baba na kiti chake hadi upande ule, akarudisha mikono. Mlango. Akaigeuza kuelekea reli, akapeleka wa kulia, polepole, akagusa kopo la nyanya.

"Asi!" akashangaa, akasimama.

Alisimama mwenyewe, bila kushikwa. Akatembea na meza hatua kwa hatua akitaja: hapa palikuwa na benchi, hapa nilifunga mbuzi, hapa ndipo mamako, Amin, alinikuta mara ya kwanza. Amin alikuwa analia wazi, nami pia, sikuona aibu. Kisha vidole vya Baba vikavuka reli, vikakuta kitu kimebaki peke yake upande wa porini.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi na karai yangu," Ndunge akasema. "Sasa niko pahali pangu."

Baba hakumwachilia yule mtu wa mti.

"Nilikufukuza miaka kumi na moja," akasema, "na ni wewe ulinibebea stesheni. Mimi nilifikiri imeisha. Muvea, Ndunge, asante. Muvea muno."

"Ilikuwa kazi," Ndunge akajibu.

"Lete hicho kisu."

Amin akambandua. Baba akamchukua, akaivuka reli kwa mikono yake mwenyewe, akapapasa platifomu mpaka penye kivuli cha jengo, mlangoni kabisa, akamsimamisha hapo na kumshikilia mpaka gundi ikauke. Kisha akamwambia Amin aachie treni, maana abiria wanasubiri machungwa.