Mhuri wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Ndu. Kimya kidogo. Ndu tena. Sauti hiyo ilibaki masikioni mwa Esnat Kamwendo hata baada ya mhuri wenyewe kufungiwa kabatini: mbao ikishuka juu ya jarida jipya, mara moja kwenye ukurasa wa kwanza, mara moja kwenye wa kumi na saba. Wa kumi na saba ulikuwa siri ya wakutubi. Mwizi angechana ukurasa wa kwanza akadhani amefuta nyayo zake, kumbe ndani kuna alama inayomsubiri. Kwa miaka thelathini na mmoja chumba cha majarida cha chuo, pale Zomba, kilikuwa mikononi mwa Esnat, na siku zote hizo hakuuruka ukurasa huo hata mara moja.

Sasa majarida hayaji tena kwa posta. Viti ishirini na vinne vimesogezwa mezani sawasawa, na hakuna wa kuvivuta. Bado anavifuta vumbi kila asubuhi.

"Mama, zamani tulikuwa tunanunua maandishi ya wenzetu," mkuu mpya wa maktaba, Limbani Mhango, alimwambia alipompa kazi mpya. "Siku hizi mkutubi ndiye mchapishaji. Tunatoa jarida letu wenyewe kwenye mtandao, asome anayetaka, bure."

"Na hao wasomaji wako wapi?"

Limbani alicheka, akanyoosha mkono dirishani, ambako ukungu ulikuwa umeumeza mlima mzima. "Huko."

Basi Esnat alijifunza, na miaka yake hamsini na minane. Alijifunza kupiga picha kurasa za jarida la zamani la chuo, kuandika upya majedwali yake, kulinganisha namba moja moja, na kuipa kila makala anwani yake ya kudumu. Limbani alimtania kwamba anakishika kipanya cha kompyuta kama anashika panya kweli. Esnat alimjibu kwamba panya wa maktaba anawajua kuliko yeye, kwa kuwa wengine aliwapa majina.

Muda haukuwapo. Ijumaa mafundi wangeng'oa rafu, na karatasi zote zichomwe. Makala ambayo ingekuwa haijakaguliwa ingekwenda nazo, na nakala nyingine haikuwapo popote.

Jumatano alifika kwenye makala ya Daktari Saulosi Nankhumwa, juu ya mwaka ambao Ziwa Chilwa lilikauka. Alifungua ukurasa wa kumi na saba, mkono ukasimama. Pale chini kabisa ya jedwali, juu ya namba ya mwisho, palikuwa na duara la zambarau. Mhuri wake. Aliuinua ukurasa dirishani, akaukagua kwa kioo cha kukuzia. Wino ulikuwa umeinywa namba yote.

"Weka nyota, andika haisomeki," Limbani alisema. "Ni namba moja tu, Mama."

"Ndiyo ya mwisho, bosi. Makala nzima inatembea kuielekea hiyo."

Siku hiyohiyo alasiri alijifunika kitenge kichwani, akashuka mtaani katika manyunyu ya baridi yasiyojua kukatika. Nankhumwa ndiye aliyekuwa msomaji wake wa mwisho. Alikaa kiti cha tatu kutoka dirishani mpaka miguu ilipomkatalia, yapata miaka miwili sasa. Alimkuta peke yake jikoni, koti mwilini, anakoroga nsima, ugali wa mtu mmoja.

"Mkutubi kaja nyumbani!" mzee alisema. "Nina kitabu gani nilichochelewesha?"

"Leo mdaiwa ni mimi, Daktari." Akamweleza.

Mzee aliuacha mwiko ndani ya sufuria. "Nilikuja kukulalamikia jarida lilipotoka. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Esnat alikumbuka. Alitazama sakafu. "Nilisema utaratibu ni utaratibu."

"Tena kwa kunong'ona! Mtu ananiharibia kazi ya miaka minne, na kugomba naye siwezi kwa sababu ananong'ona." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaburuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa daftari lililokunjamana kwa maji ya zamani. Kurasa zilikuwa zimegandamana, na Esnat akawa anazibandua moja moja kwa kucha, pumzi kaibana.

"Hapa," mzee alisema. "Kina cha maji penye kijiti changu. Mwezi wa kumi, sentimita arobaini na moja. Wa kumi na moja, kumi na tisa. Hizo unazo." Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Wa kumi na mbili, sifuri. Nilisimama palepale penye kijiti, viatu vikavu."

Esnat aliandika sifuri kwenye kiganja, karatasi isije ikalowa njiani.

"Nani wengine wanakuja siku hizi?" mzee aliuliza. "Kiti changu kakikalia nani?"

"Wanakuja, Daktari. Wengi."

Mzee alimtazama, akamkatia nusu ya nsima yake.

Alhamisi makala ilikamilika, na sifuri yake. Ijumaa rafu zikaondoka. Viti navyo vikabebwa kupelekwa madarasani, isipokuwa kimoja alichokiomba, akakiweka karibu na dirisha. Chumba kikawa kikubwa kiasi kwamba hata kikohozi chake kilimrudia.

Jumatatu makala ilifunguliwa kwa dunia. Pembeni mwa jina la Nankhumwa palikuwa na kihesabio cha wasomaji. Sifuri. Saa nne, sifuri. Alikunywa chai, akafuta vumbi kwenye kile kiti, akarudi. Sifuri, kama kijiti kwenye tope kavu. Alianza kufikiri atamwambia nini mzee.

Ilipokaribia saa nane, namba ikageuka. Moja.

Hakujua ni nani. Aliona jina la nchi tu, Msumbiji, ng'ambo ya lilelile ziwa. Labda mwanafunzi, labda mtu anayepima maji kwa kijiti chake mwenyewe. Esnat alikitazama kiti cha dirishani. Akainama karibu na kioo cha kompyuta, kama alivyowainamia wote waliowahi kuketi humo, akanong'ona:

"Soma taratibu. Ukimaliza acha mezani, nitarudisha mimi."