Nafasi ya Mtegemezi

Mume wangu alitimiza miaka hamsini na mitano akiwa na kifua kilichoharibiwa na vumbi la unga. Kiwanda alichofanyia kazi ya kusaga mahindi kilimpa hiari: aanze kulipwa pensheni mara moja, au avumilie hadi sitini ndipo inenepe. Yeye alitaka kuvumilia. Mimi nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na tena alikuwa akihema kwa kupanda tu ngazi za nyumba yetu ya Buruburu. Tukakubaliana aichukue.

Fomu ilikuja kwa Kiingereza. Jumapili baada ya kanisa akaketi nayo mezani, nami nilikuwa kwenye cherehani nikimalizia sare za wanafunzi, maana shule zilikaribia kufunguliwa. Akanieleza kwamba kuna pensheni ya mtu mmoja, inayokufa naye, na kuna nyingine ndogo kidogo, ambayo ingeendelea kunifikia mimi endapo angetangulia. Kwa hiyo ya pili ilibidi aniandike.

"Hapa wanataka jina la mtegemezi," akasema.

Neno hilo lilinichoma. Kiwanda kilipofungwa mwaka mzima, cherehani hii ndiyo iliyolisha watoto wetu watatu na yeye mwenyewe. Kwangu mtegemezi alikuwa ni yule shemeji aliyekuja kwa wiki moja akakaa miaka minne.

"Mimi si mtegemezi wa mtu," nikamwambia bila kuinua macho. "Piga laini hapo."

Akacheka, akasema nina kiburi cha jogoo wa soko la Burma, anawika huku kisu kinanolewa. Lakini hakuandika mara moja. Nilimwona akisita na kalamu mkononi, nami nikaendelea kushona. Kisha akapiga laini.

Alikula pensheni hiyo miezi kumi na minne. Tulipomaliza kumzika nilikwenda ofisini kuuliza, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Msichana wa kaunta akanitolea ile fomu. Laini ilikuwa imenyooka, alitumia rula. Akanieleza kwamba neno lile la Kiingereza kwao ni mke au mume tu, hata akiwa na mali kumshinda mwenzake.

"Pole, mama. Ikishaanza kulipwa haibadilishwi."

Nilijikasirikia, na marehemu nikamkasirikia pia. Miaka thelathini aliujua mdomo wangu na kuupuuza. Kwa nini siku ile ndiyo akanisikiliza?

Cherehani niliiuza. Sasa naishi kwa binti yangu, mtaa wa Umoja. Mwezi uliopita alikuwa akijaza fomu ya bima ya matibabu ya kazini kwake, akaniuliza kwa uangalifu, maana ananijua, kama naweza kukubali aniandike mtegemezi.

Nikamwambia aandike. Nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka alipomaliza majina yangu yote matatu.