Nakala ya Kwanza

Wewe unayenunua gazeti kila wiki, unajua ni nani amekwisha kulisoma kabla yako?

Mjomba wangu alimjua mtu huyo. Mjomba alikuwa fundi wa mtambo wa kuchapia katika gazeti letu la kila wiki, ambako mimi nilikuwa msahihishaji. Wenzake walimwita Wino, maana kucha zake hazikuwahi kuwa na rangi nyingine. Alianza kazi chini ya sheria ya vibali tuliyoachiwa na wakoloni. Wakubwa wapya waliimba uhuru, wakabadilisha nembo kwenye mhuri, sheria yenyewe wakaiacha kama ilivyo. Waliionja wakaiona tamu. Kila Ijumaa ofisa wa habari, ambaye mafundi walimpachika jina la Bwana Mkasi, alivuka barabara kutoka ofisini kwake, akaketi kando ya mtambo na kupewa nakala ya kwanza, wino ukiwa bado mbichi. Habari asiyoitaka aliikata. Pengo nalo halikuruhusiwa kubaki jeupe, kwa kuwa hata weupe ulihesabiwa kuwa ni maneno. Kwa hiyo Mjomba aliweka tayari matangazo ya sabuni, makubwa kwa madogo, akayachomeka palipokatwa. Kuna wiki msomaji angedhani taifa zima halina kazi nyingine ila kufua.

Kisha ikaja katiba mpya. Watu walikuwa wamepigwa virungu barabarani wakiidai, na wengine tuliwazika. Ibara ya uhuru wa vyombo vya habari tuliichapa ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, na Mjomba alilia mbele ya mafundi wote bila kuona haya. Bwana Mkasi hakuja tena. Lakini nakala ya kwanza iliendelea kwenda kwake. Mjomba akisharidhika na rangi, aliikunja, na akipita kwenda kunywa chai aliiacha mapokezi katika ofisi ile ng'ambo ya barabara. Hakuwa na nia yoyote. Ndivyo Ijumaa yake ilivyokuwa. Mhariri alizunguka kwenye semina akiisifu ibara, na hakuna semina hata moja iliyouliza miguu ya fundi inakwenda wapi.

Binti wa Mjomba alikuwa mwandishi wetu. Aligundua kwamba mkurugenzi wa maji alikuwa akiiuza kichinichini dawa ya kusafishia maji ya mji, na kwamba bomba la mtaa wa chini lilitoa maji yasiyotiwa chochote. Watoto walikuwa wameshaanza kufa kwa kuhara. Wapimaji maji wawili walikubali kutajwa.

Ijumaa ile mhariri alituonya sote: "Midomo ifungwe mpaka kesho gazeti liwe mtaani."

"Wino, mbona leo unachapa kama bwana harusi?" mafundi walimtania.

"Nyamazeni, wenye wivu! Binti zenu wameandika nini, zaidi ya majina yao kwenye madaftari?"

Akaitoa nakala ya kwanza, akalitazama jina la binti yake chini ya kichwa cha habari, akaikunja, akaenda kunywa chai. Mdomo wake aliufunga kweli. Miguu ikampeleka ilikozoea.

Ndiyo kwanza alikuwa amerudi mtamboni, Bwana Mkasi akaingia na askari.

"Habari za siku nyingi, Wino. Ahsante kwa gazeti."

Kiwanda kizima kilimgeukia Mjomba.

"Katiba inasema vyombo vya habari viko huru!" mhariri alipaza sauti.

"Hiyo ni ibara ndogo ya kwanza, bwana mhariri. Soma na ya pili: bila kuhatarisha usalama wa umma, kwa mujibu wa sheria. Na sheria ni ileile, hamkuifuta. Watu wakiyatilia maji shaka, si watafanya fujo?"

Hiyo ndiyo historia yote ya uhuru wetu wa habari: mstari mmoja tulioulipia kwa damu, na mstari wa pili ulioandikwa na waoga ili kutunyang'anya ule wa kwanza.

Askari walimburuta binti kutoka mezani kwake, kiatu kimoja kikabaki sakafuni.

"Baba, nani amewapa?"

"Mimi, mwanangu."

"Acha utani, baba," alisema, akacheka. Akamtazama usoni, kicheko kikakatika.

Bwana Mkasi alisubiri mpaka gari lilipoondoka. "Badilisha ukurasa wa mbele, Wino. Gazeti litoke kesho kama kawaida, na binti asubuhi atakuwa nje. Ukikataa, hutajua amelala wapi. Sabuni si bado unazo?"

Mmoja wa askari alicheka.

"Wewe ndiye uliyetufikisha hapa," mhariri alimwambia Mjomba. "Chapa."

"Mjomba, usichape," nilimwambia. "Watu wanayanywa yale maji."

"Wewe huna mtoto," alinijibu bila kuinua kichwa.

Roli za mtambo zikazunguka. Uani, nakala zilizotangulia zilimwagiwa petroli na kuchomwa.

Kesho yake asubuhi nilifuatana na Mjomba kwenda kumpokea binti yake. Binti alitoka kituo cha polisi midomo imevimba, akatembea peku mbele yetu bila kumsemesha baba yake. Askari mmoja alitufuata kwa mbali. Tulipofika mtaa wa chini, wanawake walikuwa kwenye foleni bombani. Binti akawakimbilia.

"Msinywe! Maji haya hayatiwi dawa, ndiyo yanayowaua watoto!"

"Nani kasema?" aliuliza mama mmoja aliyemshika mwanawe mkono. Alikuwa amefunika ndoo yake kwa gazeti letu, akalitoa. "La leo hili hapa. Nionyeshe."

Binti alilifungua, akalitazama, kisha akamgeukia Mjomba. "Baba, wewe ulichapa. Waambie kilichokuwamo."

Mjomba alimtazama askari, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya barabara.

"Msimjali, kina mama," alisema. "Ana homa. Hakulala."

"Anasema kweli!" nilipiga kelele. "Msiyanywe!"

"Ee, na huyu naye kaambukizwa," mmoja alisema, wakacheka.

"Pole, mzee," yule mama alimwambia Mjomba. Akakinga kikombe bombani, akamnywesha mwanawe.