Aliyechora Asimame Chini

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ujenzi hapa Kakamega sikukalishwa mezani. Msanifu wa Mkoa, mtu mfupi mwenye sauti nzito, alinipeleka kwenye zahanati iliyokuwa ikijengwa, akanisimamisha kando ya mchoraji wake chini ya slabu, yaani ile sakafu ya zege inayobebwa na nguzo. Mafundi wakaanza kugonga na kutoa mbao zilizoishikilia. Vumbi la saruji likaniingia machoni. Nilitaka kukimbia.

"Simama, kijana," akasema. "Hapa aliyechora ndiye anasimamanga chini. Kama unaogopa mchoro wako, usilaze mgonjwa hapa."

Tulichora kwa wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Ukikosea, unakwangua kwa wembe polepole usije ukaitoboa. Nilipohamishiwa Malava, chini ya Mkaguzi wa Majengo aliyependa kugomba kuliko kula, jengo moja lilinichukua miezi. Kufikia siku ya kutoa mbao nilijua kila nondo, vile vyuma vinavyolala ndani ya zege, kama mkulima ajuavyo mistari ya miwa yake. Niliogopa vilevile, ila sasa niliogopa kitu nilichokijua.

Binti yangu Nekesa naye ni msanifu. Kanisa moja huko Shinyalu limempa kazi ya bweni la wasichana, na jengo limeshafika kwenye slabu. Juzi alinionyesha alivyolichora. Aliandika maneno machache kwenye kompyuta, na kabla chai haijapoa akili mnemba ikamwaga mabweni, moja zuri kuliko jingine. Sipingi maendeleo, hata mimi sikulilia wembe. Nilimwuliza tu mbona kona ya mashariki haina nguzo.

"Sijui, Baba. Iliamua hivyo. Mhandisi naye alipiga hesabu zake kwa mashine hiyo hiyo."

"Na ukiiuliza?"

"Inanipa sababu nzuri sana. Nikiuliza tena, inanipa ingine."

Nilimsihi asimamishe kazi mpaka hesabu zirudiwe kwa mkono. Akasema ameshaomba, lakini kamati ya kanisa imekataa kwa kuwa shule zinakaribia kufunguliwa. Nikaenda mwenyewe. Wakanikaribisha chai na kunipongeza kwa kustaafu salama.

"Sasa nani atasimama chini?" nikamwuliza Nekesa niliporudi.

"Si ni mimi, Baba? Wewe ndiye ulinifundisha."

Ni kweli, nilimfundisha tangu akiwa mdogo, tena kwa majivuno. Lakini mimi nilisimama chini ya michoro yangu. Huu sijui ni wa nani, na ninaogopa kuliko nilivyoogopa siku ile ya zahanati.

Mbao zinatolewa kesho. Nimetoa koti langu la kazi sandukuni na kulipiga pasi. Nitafika kabla ya Nekesa nisimame kwenye kona ya mashariki, nimwachie yeye upande wenye nguzo.