Swali la Nyuma ya Kisiwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kafi. Kapita, mkubwa wa wapiga kafi wote kwenye kivuko cha mto Luama, upande wa Kabambare, alinitupia kopo la mafuta lililokatwa mdomo. "Weye utakumba maji," akasema. "Mutumbwi ikizama, ni weye." Nikakumba maji yaliyoingia mtumbwini msimu mzima wa mvua. Ndipo nikapewa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini pale maji yanapokuwa haba, halafu kafi. Baada ya miaka nikakaa tezi, yaani nyuma, mahali pa kuongozea mtumbwi. Vijana wa siku hizi wanataka kuanzia tezi.

Siku za kawaida tulivusha mihogo, mawese, na wachimbaji wa dhahabu waliokwenda Salamabila wakiwa matajiri tayari kwa maneno. Kazi iliyopendwa ilikuwa arusi. Tulifunga mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu, tukaipamba kwa matawi ya michikichi na vitenge, ngoma mbele, bibi arusi katikati pamoja na shangazi zake. Hatukuvuka moja kwa moja. Tulipitia kwanza mkono wa zamani wa mto, njia nyembamba ya maji nyuma ya kisiwa, walimopita wazee kabla Luama haijahama, ili vijiji vya kando vimwone bibi arusi na kumpigia vigelegele.

Mwisho wa mkono ule, kabla ya kutokea kwenye mto mpana, Kapita aliinua kafi lake na sote tukaacha kupiga. Ngoma ikanyamaza. Akamuuliza bibi arusi: "Tuendelee ao turudi?" Ilikuwa desturi tu. Mabibi arusi wote walijibu tuendelee, watu wakacheka, tukavuka.

Mmoja tu, msichana wa upande wa Wamaza, alijibu: "Turudi."

Watu walicheka kwanza. Akarudia, kwa sauti ileile. Shangazi yake akamshika mkono. "Weye mutoto, unatuletea haya! Watu wanangoja kule!" Kweli, ng'ambo tuliwaona wakwe wamevaa vizuri, ngoma yao ikiita. Kapita alinitazama mimi niliyekuwa tezi.

"Geuza."

"Papa Kapita, arusi hatutapata tena."

"Nimemuuliza, amejibu. Kama hatutamusikia, tunauliza ya nini? Geuza."

Nikageuza. Mitumbwi iliyofungwa pamoja haigeuki upesi, kwa hiyo wakwe walipata nafasi ya kutosha ya kuelewa. Niliona haya, na hasira pia, maana tangu asubuhi nilikuwa nikiwaza wali na mbuzi wa ng'ambo. Msichana hakulia. Aliposhuka alisema "Aksanti, Papa," akaenda kwao kwa miguu, shangazi nyuma yake akigomba njia nzima.

Arusi zilitukimbia misimu mingi. Kapita hakulitaja jambo lile tena. Mimi nikahamia mto Lualaba, upande wa Kasongo, chini ya mkubwa wa bandari, mtu wa motere, yaani mitumbwi ya injini. Yeye hakuwa na desturi. "Motere ikisimama, maji itatubeba," alisema. "Hapa hatuulize mutu." Nikamalizia kazi kwake, kwa amani na mgongo mbovu.

Juzi mjukuu wangu aliolewa ng'ambo ya Lualaba. Walinikalisha mtumbwini kati ya mashangazi kama mzigo wa heshima. Mbuzi wa mahari tulikwisha kuwala zamani, na mimi nilikula si haba. Tulipofika katikati ya mto nikamwomba dereva azime motere. Akazima, kwa heshima ya mvi, na maji yakaanza kutubeba taratibu. Nikamuuliza mjukuu swali la Kapita.

Swali lile nilikuwa nimelisikia miaka mingi bila kujua uzito wake kwa mtu ambaye bibi arusi ni wa damu yake. Niliogopa kweli. Nikawafikiria wakwe, nikawafikiria wale mbuzi, nikamfikiria Kapita aliyesema "Geuza" wala hakutikisika.

"Babu," mjukuu akasema, "nikisema turudi, utageuza?"

"Nitageuza."

Akanitazama kidogo, kisha akatengeneza kitambaa chake kichwani.

"Basi tuendelee."