Muhonja na Mkwe wa Kitabuni

Binti yangu Muhonja ana ugomvi na watu wasiokuwepo. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Anaweza kuacha ugali motoni, asimame na mwiko mkononi akinung'unika, "Huyo ningekuwa mimi ningemzaba kofi." Ukimuuliza ni nani huyo wa kuzabwa, anakutajia mtu wa riwaya wanayosoma shuleni. Siku moja alitoka shule amefura kwa hasira juu ya Bi Sihaba, Bi Sihaba, mpaka mimi na mama yake tukadhani ni mpangaji mpya. Nikauliza anakaa ploti gani. Muhonja alicheka hadi akakaa chini, na ugali wangu ukaungua.

Tunaishi Baba Dogo, hapa Nairobi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, karibu na kiwanda cha sabuni ninakofanya kazi. Katika chumba kama hicho huna pa kukimbilia mtu akisoma kwa sauti, na Muhonja hajui kusoma kimya. Mashairi nayo ndiyo balaa. Muhula huu wote amekuwa na shairi moja, akiosha vyombo, akifua, akinipitishia chumvi: "Mlango usiogongwa, huoza na bawabaze." Eti mstari huo unamliza. Nikamwambia mlango wetu ni wa chuma, hauozi, unaota kutu, na bawaba zake nazitia grisi mwenyewe. Akaniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

Yuko kidato cha tatu. Mwalimu wao wa Kiswahili, Bwana Lusweti, badala ya kuwapa yale maswali ambayo kila mtoto huyajibu kwa kukariri mwongozo, aliwaambia waandike kwa hisia zao wenyewe: mhusika gani unampenda, gani humtaki, na kwa nini. Kumpa Muhonja kazi hiyo ni kumkabidhi mlevi ufunguo wa baa. Alijaza kurasa na kurasa, akaishiwa na wino, akachukua kalamu yangu ya kazini.

Na wiki hiyohiyo mama mkwe akaja kutoka Vihiga.

Alikuja kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na baada ya kungoja sana hospitali ilikuwa imempa nafasi ya kupasuliwa kesho yake. Sasa, sisi Waluhya, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hatupeani mkono. Hatutazamani usoni. Tukikutana uani, kila mmoja hupata kitu cha maana sana cha kuangalia ukutani. Kijijini hilo si tatizo. Kuna jiko la nje, kuna nyumba za mashemeji, kuna mahali. Hapa nina chumba na pazia, na pazia si ukuta. Kwa hivyo akija, yeye hulala kwa jirani yetu Roseline, mjane anayeuza samaki, au mimi nahamia kwa Omolo, mwenzangu wa kiwandani.

Safari hii kila mahali palifungwa. Roseline alikuwa amekwenda matangani Siaya, na ufunguo wake mfukoni. Nikampigia Omolo.

"Buda, leo hiyo haiwezekani," akasema. "Wife amehamia na watoi wote. Saa hizi mimi mwenyewe nalala kwa kiti."

Nikakata simu. Mke wangu Ayuma, ambaye ni mtu wa vitendo, akasema Mama alale nyuma ya pazia, sisi tulale huku, Mungu anaelewa. Mama mkwe alikuwa amekaa nje ya mlango kwenye stuli, mzigo wake magotini, na masikio yake, tofauti na macho, hayana mtoto wala mjukuu.

"Ayuma," akasema, "afadhali nirudi nyumbani na giza langu kuliko nilale kwa mkwe. Kesho asubuhi mnitafutie basi."

"Mama, na hospitali?"

"Hospitali itapata wengine. Vipofu hawajaisha."

Nilichoka. Nilichoka na yeye, nilichoka na marehemu wa Siaya aliyechagua wiki hiyo kufa, nilichoka na mwenye ploti aliyejenga vyumba vya ukubwa wa mkate. Daktari alikuwa amesema akishapasuliwa akae nyumba safi, atiwe matone kila mara, asiachwe peke yake. Nafasi hiyo ikipita, haijulikani angeitwa tena lini, na yeye tayari alikuwa anamwagia chai nje ya kikombe. Wote tulijua hivyo. Na bado alikaa pale mlangoni, haingii ng'o.

Kwa kuwa adabu hainiruhusu kusimama naye karibu, nilikuwa nimejisogeza nyuma ya mashuka ya majirani yaliyoanikwa uani. Huko nikasikia akimwita mjukuu wake.

"Hebu nisomee kitu. Mama yako ananipigia kelele."

Na yule mtoto, kati ya vyote vilivyomo mkobani, na Biblia imo, akatoa insha yake.

Alisoma kwa sauti ile yake ya jukwaani. Bi Sihaba, akasoma, alifika kwa binti yake akiwa mgonjwa. Akakataa kulala humo kwa sababu ya mkwe, akabaki barazani, mvua ikamnyeshea, homa ikamuua. "Darasani kila mtu anampenda. Wanasema ana msimamo. Mimi ananikasirisha. Ningekuwepo ningemvuta mkono." Nikatikisa kichwa huko nyuma ya mashuka. Kwa mara ya kwanza mimi na Muhonja tulikubaliana juu ya kitabu.

Kisha akafungua ukurasa wa pili.

"Lakini nisiyemtaka kabisa ni mkwe wake. Mwandishi hakumpa hata jina, na ni sawa. Yeye alikaa ndani akiota moto, akasema mila ni mila. Mila ilimkataza kulala nyumba moja na mama mkwe. Haikumkataza kutoka yeye."

Nilishika kamba ya nguo nikakaribia kuikata. Atoke! Atoke aende wapi? Huyo wa kitabuni anaishi kwenye karatasi, anaweza kutoka ukurasa huu akaenda ule. Mimi ninayehamahama na blanketi kwapani kila mwaka, leo nahukumiwa na mtoto ninayemlisha, tena kwa kalamu yangu! Nilitaka kutokeza nimwambie hayo yote, lakini ningetokeza vipi, na mama mkwe yuko pale? Ikabidi nimeze.

Mama mkwe alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi.

"Huyo mama hakuwa na msimamo, mjukuu wangu. Alikuwa na aibu."

"Aibu ya nini, Guku?"

"Mtu mzima akishasema hapana mbele ya watu, hawezi tena kusema ndiyo. Alikuwa anangoja tu mtu amtoe kwenye ile hapana yake."

"Guku, kitabu hakijasema hivyo. Umejuaje?"

"Si nimekaa hapa tangu mchana," mama mkwe akasema. "Ama hamjaniona?"

Muhonja akaifunga insha yake. Mimi nikapitia upande wa vyoo, nikatoka nje ya ploti, nikarudi kiwandani.

Mtu asiyejua kiwanda cha sabuni hawezi kuelewa nilichokwenda kuomba. Zamu ya usiku ndiyo inayochemsha. Yale magadi yanapanda kifuani, yanawasha macho, na mchana usingizi haushiki. Nilikuwa nimempigia supavaiza magoti ndipo nikatolewa huko. Sasa nikasimama mbele yake nikimwomba anirudishe, kuanzia leo.

"Makokha," akasema, "si ni wewe ulilia utolewe?"

"Ni mimi."

"Na hakuna kitu umevuta?"

Akaniandika huku anatikisa kichwa. Kwa Omolo, mchana hapakuwa na mtu. Mkewe huwa kwenye vibarua vya kufua, watoto shuleni. Usiku hapakuwa na nafasi hata ya paka, lakini mchana godoro lilikuwa tupu. Nikampigia Ayuma nikamwambia amwambie Mama kwamba mwenye nyumba hayupo, usiku yuko kazini, mchana hatakanyaga, na mlango uko wazi. Ayuma aliniambia baadaye kwamba Mama aliinuka tu, akapapasa mlango, akaingia.

Kesho yake akapasuliwa.

Siku zilizofuata nisiulizwe. Godoro la watoto wa Omolo lilinuka mkojo, kifua kilinibana, nikawa nasinzia nimesimama. Muhonja alimtia bibi yake matone, na kwa kila tone, nasikia, alimtungia ubeti. Mimi alikuwa akiniletea chakula kabla ya zamu, kimepoa. Jioni moja alileta na insha yake, imesahihishwa. Bwana Lusweti, ambaye ni Mbukusu wa Bungoma, Mluhya kama sisi, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hisia kali mno. Mkwe alikosa nini? Muulize baba yako."

"Sasa nakuuliza," Muhonja akasema, bila kunitazama. "Alikosa nini?"

Nilikasirika kushinda siku zote, na nikashangaa kwamba safari hii simkasirikii yeye, namkasirikia yule wa kitabuni.

"Mwambie mwalimu wako," nikasema, "baba yako amesema yule mkwe angeomba zamu ya usiku."

Muhonja akanitazama. Akachukua bakuli akaondoka mbio. Nilimsikia akipenga kamasi huko njiani.

Bandeji ilipotolewa, nilikwenda nyumbani Jumamosi mchana kuchukua shati. Sikujua mama mkwe yuko nje. Alikuwa amekaa kwenye stuli yake juani, Muhonja kando yake na kitabu. Nikafanya kama inavyopasa, nikageukia ukuta, nikaanza kusoma tangazo la maji ambalo nalijua kwa moyo. Lakini mtu akikutazama unajua. Yule mama aliniangalia, wazi kabisa, kwa macho yake mapya, na hakugeuka.

"Muhonja," akasema, na sauti ilifika kwangu kama ilivyokusudiwa. "Mwambie baba yako amekonda."

"Baba, Guku anasema—"

"Na mwulize, hizo mvi zilianza lini? Mara ya mwisho nilipomwona vizuri hakuwa nazo."

Muhonja akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, kitabu kimemwangukia miguuni. Nilibaki nimeuelekea ukuta.

"Zilianza zamani, Mama," nikauambia ukuta. "Ni vile hukuwa unaona."