Mshona Nyavu Aliyewafungulia Samaki Dirisha

Haya nimeyapata kwa mwenyewe, Jumatano iliyopita asubuhi, siku yake ya mapumziko, tumekaa kizingitini tunachambua mchele. Mwenyewe ni mke wa mjukuu wangu, nami kwa utani humwita mke mwenzangu. Kazi yake ni kushona nyavu za meli za kukokota, zile zinazoburuta wavu chini kabisa baharini kutafuta kambamiti. Kila alipocheka mchele ulimwagika, kwa hiyo hadithi ilichukua muda.

Saa moja asubuhi mke mwenzangu yuko bandani. Paa ni la mabati, sakafu inateleza kwa magamba. Wavu umening'inizwa kwenye boriti, mrefu kuliko nyumba tatu zikipangwa. Miguu peku, uzi wa kijani begani, sindano ya plastiki mkononi. Anatafuta matundu kwa vidole, huku akiwasimulia wenzake habari za jana.

Vidole hivyo ndivyo vilivyomfundisha. Kila wavu unaporudi hukuta visamaki vimenasa: changu wa urefu wa kidole, chewa ambao hata madoa hawajayapata.

"Bibi, ni watoto hao," ananiambia. "Nawatoa mmoja mmoja, wamekauka kama majani."

Wachambuzi wa melini ndio waliomweleza yaliyobaki. Ndoo moja ya kambamiti hupanda na ndoo tano, hata sita, za samaki wasiotakiwa. Wavu ukimwagwa wamekwisha kufa. Wanasukumwa kwa koleo kurudi majini, basi.

Sasa mumewe, huyo mjukuu wangu, ni mvuvi wa mshipi. Miaka mitano nyuma alikuwa akirudi na samaki ishirini. Mwaka jana akawa anarudi na watatu, mmoja akiwa wa kumpa paka. Katika wenzake kumi na wawili, saba waliuza mitumbwi.

"Mke wangu wee," alikuwa akimtania, "kila ukiziba tundu kule bandani, unanitoboa tumbo huku nyumbani."

Ulikuwa utani, lakini wenye mwiba. Mke mwenzangu ulimchoma.

Siku moja akagundua jambo, kwa kuwauliza wachambuzi wanaouona wavu ukitoka majini. Visamaki hunasa upande wa juu wa wavu, na miguu ya kambamiti huonekana upande wa chini. Samaki akishtuka hupanda, kambamiti hung'ang'ania chini. Akaona wavu ukiwekewa dirisha juu, wadogo watajitokea zao. Akaenda kwa nahodha.

"Mama, nimekuajiri uzibe matundu," nahodha akamwambia. "Sasa unataka kuniongezea?"

"Moja tu, nahodha. La maana."

"Haya. Lakini likinipotezea kambamiti, utafute banda jingine."

Mke mwenzangu alikubali, ingawa mshahara huo ndio uliokuwa ukiwalisha, mshipi umelala. Akatafuta ukingo wa gurudumu la baiskeli kuukuu, akaushonea kwenye wavu kutwa nzima uwe fremu ya dirisha. Meli ikatoka.

Siku ya tatu ikarudi. Samaki wadogo tele! Kambamiti, hata nusu ndoo haikujaa.

Kumbe pale bandani wavu huning'inizwa kwa vizito vyake vya chini, tumbo likatazama juu. Miaka tisa anaushona hivyo, na tundu ni tundu tu, halina juu wala chini. Dirisha lake akaliweka tumboni.

"Nilishona dirisha sakafuni, Bibi!" Mchele ukamwagika hapo.

Mpishi wa meli alishika mbavu. "Nikijenga nyumba sikuiti ng'o! Utaniwekea mlango chini ya kitanda."

Nahodha hakucheka. Mke mwenzangu akavua aproni, akaikunja, akaweka sindano juu yake, tayari kwenda zake.

"Kambamiti wote wamepita kwenye kitundu hicho?" nahodha akauliza.

"Wote, nahodha."

"Basi dirisha linafanya kazi. Aliyekaa kichwa chini ni mshonaji." Akamrudishia sindano. "Kwa kosa moja mke haachwi. Kwa la pili anaachwa."

Safari hii wavu ulitandazwa chini uwanjani, kama unavyokaa majini. Na aliyekuja kumshikia ule ukingo ni mumewe.

"Usinitazame," akasema. "Shona. Juu ni huku, nimefunga kitambaa chekundu, hata wewe utakiona."

Meli iliporudi, ndoo za kambamiti zilikuwa thelathini na tisa, moja pungufu ya kawaida. Samaki wadogo? Kila ndoo ya kambamiti ilikuja na ndoo moja tu yao, haikufika hata mbili. Wachambuzi wakamaliza kazi chai yao ikiwa bado moto. Wakambeba mke mwenzangu juu juu, yeye anapiga kelele ashushwe. Kabla jua halijatua, nahodha akamletea nyavu nyingine tatu.

Ni miezi minane sasa. Hadithi ilipofika hapo, mwenye mshipi akatokea na kapu, maana alitoka tangu alfajiri.

"Bibi, mke wangu mkubwa, hesabu!"

Nikahesabu. Kumi na mmoja, akiwamo changu mmoja mnene kama mkono wangu wa zamani.

"Wawili wadogo nimewarudisha," akasema. "Si ndugu zake mke wangu?"

"Ndugu zangu hao wana akili," mkewe akajibu. "Wanajua kupita dirishani. Wewe hata mlango wakupa shida."

Bado zipo meli kumi na moja zinazokokota bila dirisha. Mke mwenzangu ameshona kiwavu kidogo cha mfano, anataka kukipeleka kwa manahodha wote, kisha awafundishe wanawake wenzake watatu kazi hiyo. "Nataka huyu arudi na ishirini," akasema, "hata akija ananuka hivyo hivyo."

Mjukuu wangu alikwisha kujinyoosha mkekani. Mkewe akakaa kando yake, kiwavu mapajani, kitambaa chekundu kidoleni.

"Baba watoto, juu ni wapi?"

Hakufungua macho. Alinyoosha kidole kuelekea darini, kikabaki hapo kidogo, kisha mkono ukashuka polepole. Amelala.

Mkewe akashona kitambaa, akakata uzi kwa meno, akajiegemeza ukutani apumzike kidogo tu. Sindano ikamponyoka, naye hakuiokota.